Kiuno si nyonga: tunavyojifunza mwili kwa ngoma hapa Mwanza, wenye magongo na wasio na magongo (uzi mrefu)

#1 NyayoZaJiwe

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka ashuke chini akasome wabishi, huwa hawakosi.

Mimi ni mcheza ngoma tangu nina miaka 11. Nilianzia kikundi cha bugobogobo, ngoma ya Wasukuma, pale Igoma. Tumezunguka na majembe yetu harusini, kwenye kampeni, kwenye uzinduzi wa visima, popote palipo na pilau. Mwaka 2016 goti la kushoto likanisaliti. Sikuanguka wala sikugongwa. Nilikuwa ukumbini, nimevaa raba mpya, sakafu ya saruji ile ya kukwaruza. Nikageuka kwa kasi kama nilivyogeuka maisha yangu yote kwenye vumbi. Mwili ukageuka, unyayo ukagoma. Nikasikia ndani ya goti kitu kimelia "ta", kama kijiti cha kiberiti. Kiongozi wetu akaninong'oneza nimalize onyesho. Nikamaliza nikirukaruka kwa mguu mmoja, watu wakanitunza hela wakidhani ni mtindo mpya.

Dada wa fiziotherapia aliyenishughulikia miezi iliyofuata aliniuliza swali moja: "Nyonga yako iko wapi?" Nikashika pale mkanda unapopita. Akacheka, akaniambia nishushe mikono, nilete mbele, mpaka kwenye ule mkunjo suruali inapojikunja mtu akikaa. "Sasa inua goti." Nikainua. Ndipo nikagundua kwamba kwa zaidi ya miaka 20 nimekuwa nikikata kitu nisichojua kilipo.

Jaribuni hapo mlipo. Pale kwenye mkanda ni ukingo wa juu wa mfupa mpana, hapakunjiki popote. Kiungo chenyewe, ambapo kichwa cha mfupa wa paja kinaingia kwenye shimo lake, kiko chini zaidi na ndani. Tofauti ni kama upana wa kiganja. Ni ndogo, lakini mtu anayeamini nyonga iko kwenye mkanda, ukimwambia ainame atapinda mgongo wa chini, pingili 5 za pale ndizo zitakazobeba mzigo wote. Anayejua iko kwenye mkunjo atainama kama mama anayepalilia mpunga: mgongo umenyooka kama ubao, makalio nyuma, jembe linakwenda. Bugobogobo ni ngoma ya jembe, na waliokuwa wanalima kweli walikuwa wanainama hivyo. Sisi wa mjini tumerithi jembe, kuinama hatukurithi.

Na goti langu? Kazi yake ni kukunja na kukunjua. Kuzunguka ni kazi ya nyonga kwa juu, na kwa chini unyayo uteleze. Peku kwenye vumbi, unyayo ulikuwa unateleza na kulihurumia goti bila mimi kujua. Kwenye saruji na raba unyayo umenata, nyonga siitumii kwa kuwa siijui, basi goti likasokotwa kama nguo inayokamuliwa.

Nilipopona nikaanza kufundisha vijana wa mtaani kila Jumamosi, kwenye kibanda. Siku moja akaja binti wa magongo, polio tangu utotoni, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa akatutazama saa nzima. Nikamwambia karibu. Akaniuliza, "Karibu nifanye nini?" Nikakosa jibu. Nilikuwa nafundisha hatua: kulia, kushoto, ruka, piga chini. Zote za watu wenye miguu miwili inayotii.

Jumamosi iliyofuata sikufundisha hatua hata moja. Nikasema leo ni siku ya nyonga. Tunatafuta iko wapi, inakwenda pande ngapi, inagomea wapi. Halafu ngoma ikilia kila mmoja aipe nyonga yake nafasi. Wa magongo anayo. Wa kiti cha magurudumu anayo. Hatua inachagua watu, kiungo hakichagui. Sasa hivi tuko 17: wawili wa viti, watatu wa magongo, viziwi wanne (wenyewe ndivyo wanavyotaka waitwe), dada mmoja asiyeona, waliobaki ni sisi ambao bado hatujajua ulemavu wetu.

Vifaa vyetu si vya maabara. Nilikwenda bucha la Buzuruga nikaomba mguu wa nyuma wa mbuzi pamoja na nyonga, nikamsihi jamaa asiupige panga, azungushe kisu kwenye maungio. Akanitazama kama nataka kuuroga. Lakini aisee, yule bwana anajua maungio kuliko wacheza ngoma wote wa mkoa huu. Kisu kiliingia, kikazunguka, mfupa ukatoka "pwok". Kichwa chake cha duara, cheupe, kinateleza kama kimepakwa mafuta, na katikati kuna kikamba kifupi kilichokuwa kimekishikilia shimoni. Tukachemsha, tukakwangua, tukaanika. Tunaupitisha mkono kwa mkono. Yule dada asiyeona alikaa nao muda mrefu, akizungusha kichwa ndani ya shimo, akasema, "Kumbe linazunguka kote, ila nyuma linagonga ukingo." Sisi wenye macho tulikuwa tumeutazama tu.

Tyubu ya baiskeli ndiyo misuli yetu: ifunge kutoka mfupa huu mpaka huu, ivute, uone kwamba msuli kazi yake ni kuvuta, kusukuma hauwezi, ndiyo maana kila upande una mwenzake wa kurudisha.

Na kuna siku tulikwenda kwenye majabali ya ziwani, jua la saa sita, jiwe limepata moto. Tukalowesha nyayo, tukakanyaga jiwe. Alama zinakaa sekunde chache tu kabla ya kukauka, inabidi uangalie haraka: huyu katikati ya unyayo pako wazi, yule unyayo mzima umelala. Mifupa 26 kila mguu, nikawaambia, miguu miwili ni 52, na mwili mzima wa mtu mzima una 206. Yaani robo ya mifupa yako unaikanyagia. Binti wa kiti akalowesha viganja akavigonga jiweni. "Mimi nyayo zangu hizi." Kiganja na kifundo chake ni mifupa 27. Nikanyamaza.

Nachoomba kwenu: maneno. Naishiwa Kiswahili cha viungo. Na mwenye ujuzi wa tiba anisahihishe nilipokosea, msinionee haya.

#2 SatoMbichi

Nimesoma mpaka kwenye pilau nikapata njaa. Narudi.

#3 Ng'wana Kisesa

Mwangaluka bose.

Kijana umeandika vizuri ila mimi mzee wako napinga. Ngoma si hospitali. Sisi tumecheza Bagalu na Bagika, makundi mawili ya ngoma za Wasukuma yanayoshindana, tangu enzi za babu zetu, Gumha na Ngika walipoanzisha makundi yao hakuna aliyeshika mfupa wa mbuzi kuuliza unazunguka wapi. Ulikuwa unajifunza kwa kumfuata aliye mbele yako. Ukikosea unachekwa. Kuchekwa ndiyo ilikuwa biolojia yetu.

Na mashindano yetu hayana mwamuzi mwenye kalamu. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, huku na kule, watu wanakimbilia penye utamu. Nenda Bujora wakati wa Bulabo, ile sherehe ya ngoma za Wasukuma, ukaone, mwezi wa sita, kipindi cha sikukuu ya Ekaristi. Mtu akihamia upande wa pili hakuulizi pingili zako ngapi.

#4 KapetoWaKamanga

Mzee na dawa je? Maana nilisikia umati huwa unavutwa na vitu vingine siyo ngoma tupu 😂

#5 Ng'wana Kisesa

Dawa zilikuwepo. Sikatai. Lakini mwenye dawa asiyejua kucheza alibaki na dawa yake mfukoni.

#6 FizioMtaani

Mkuu NyayoZaJiwe, kwanza hongera. Nafanya kazi ya fiziotherapia na nimekutana na wacheza ngoma wengi wenye magoti kama lako, wengi wakija wamechelewa. Umeomba kusahihishwa, basi kaa mkao.

Moja. Goti kukunja na kukunjua ni kweli kwa sehemu kubwa, ila likiwa limekunjwa huzunguka kidogo pia. Kaa, kunja goti, acha kisigino chini, geuza kidole gumba ndani na nje, huku umeshika paja lisisogee. Umeona? Sasa nyoosha goti ujaribu tena, haliendi, kinachogeuka ni paja zima kutoka nyongani. Kwa hiyo usiwaambie haligeuki kabisa, wataona linageuka halafu watakosa imani na mengine. Waambie lina mgeuko mdogo, na mgeuko wenyewe ukilazimishwa uzito ukiwa juu yake ndipo meniskasi inapochanika. Ni zile gegedu mbili zenye umbo la mwezi mwandamo zilizokaa kati ya mfupa wa paja na wa muundi.

Pili, na hii ni kubwa. "Kiungo hakichagui" ni maneno matamu, ila si kweli. Nyonga ipo kwa kila mtu, lakini aliyeumia uti wa mgongo anaweza asiweze kuitikisa hata kidogo, na asiihisi. Ukimwambia "iulize nyonga yako inataka nini", haijibu. Usimwachie huzuni hiyo mbele ya watu. Uliza kwanza, faraghani, ameumia wapi na anahisi mpaka wapi. Kuna tofauti kati ya watu wawili waliokaa viti vinavyofanana: polio inaharibu mishipa ya fahamu inayoamrisha misuli, ila kuhisi kunabaki. Huyo ukimgusa mguu anajua. Aliyeumia uti wa mgongo anaweza asijue hata akiungua.

Na hapo nakuja kwenye majabali yako ya moto. Jiwe la saa sita, mtu asiyehisi makalio wala mapaja, ukimkalisha hapo unamtengenezea kidonda. Atandikiwe, na ajiinue kwa mikono kila baada ya dakika 15 hadi 30, hata kama ngoma imekolea. Vidonda vya mgandamizo vinaua watu, siongezi chumvi.

#7 NyayoZaJiwe

@FizioMtaani dada, hapo kwenye nyonga isiyojibu umenigusa. Kuna kijana mmoja wa kiti alikuja mara mbili akaacha. Nilidhani ni nauli. Sasa nawaza siku ya pili ilikuwa siku ya nini. Ilikuwa siku ya nyonga.

#8 MamaWaBwiru

Naomba kuuliza kwa huyo dada wa fizio. Mwanangu ana miaka 9, mtindio wa ubongo, mkono wa kulia na mguu wa kulia vinakaza. Anapenda muziki sana, redio ikiwaka anachangamka, lakini akichangamka ndiyo anakaza zaidi, mkono unajikunja kifuani. Je ngoma itamdhuru?

#9 FizioMtaani

@MamaWaBwiru haimdhuru dada, ila mwendo ndiyo siri. Misuli iliyokaza kwa sababu ya ubongo ina tabia moja: ukiivuta haraka inapinga, ukiivuta taratibu inaachia. Jaribu nyumbani. Mkalishe vizuri kwanza, miguu iguse chini, asining'inie. Shika kiwiko na kifundo cha mkono wake, ufungue pole pole kwa pumzi zake tatu au nne. Usishindane nao. Mkiwa kwenye ngoma, mwambie mpigaji aanze na mapigo ya polepole, na mtoto aanze na mwili wa katikati, kifua na mabega, mikono ifuate. Kukaza akifurahi ni kawaida. Asikatazwe kufurahi.

Ila mpeleke aonekane na mtaalamu, mimi sijamwona.

#10 MamaWaBwiru

Asante sana dada. Wabeja.

#11 Sauti ya Igogo

Mimi nitasema ambalo wengi mnalificha. Hii ni kuwadhalilisha walemavu. Mnawatoa jukwaani watu wawaonee huruma, mfuko upitishwe. Nimeona kikundi hotelini, wa kiti amewekwa katikati anazungushwa kama meza ya karamu, watalii wanapiga picha.

#12 MabegaYaChuma

@Sauti ya Igogo habari. Mimi ndiye yule binti wa ndoo iliyogeuzwa kwenye uzi wa Mwalimu.

Ulichokiona hotelini nimekiona pia, na mara moja nilikuwa ndani yake. Hoteli moja hapa mjini ilitualika, meneja akaomba "wale wa viti wakae pembeni, wasionekane sana kwenye picha". Halafu kuna wale wanaotaka tukae katikati tuonekane sana. Wote ni walewale.

Sasa nikwambie kilichonibakisha. Siku ya mabega. Mwalimu alisema kila mtu aweke kiganja mgongoni kwa mwenzake, juu ya kombe la bega, ule mfupa bapa. Mwenzangu alikuwa kijana mmoja mcheza bugobogobo hodari, ananizidi kila kitu. Akainua mkono wake taratibu mpaka juu. Nikahisi kombe lake limechelewa, halafu likaanza kuteleza na kupanda kuelekea ubavuni. Mwalimu akasema mkono ukipanda mpaka juu kabisa, theluthi mbili za mwendo zinatoka kwenye kiungo cha bega, theluthi moja ni kombe linaloteleza. Nikaelewa kwa kiganja, siyo kwa namba.

Ikawa zamu yake kunishika mimi. Nikainua. Akasema, "We dada, lako limeshikilia kama nanga." Ni kweli. Nimetembea juu ya mabega tangu nina miaka 6. Bega liliumbwa linyanyuke na kufikia vitu, mimi nalifanyisha kazi ya nyonga, kubeba mwili. Limejikaza lote. Tangu siku hiyo kila nikiamka nalilegeza kwanza, nalipandisha, nalishusha, nalizungusha nyuma. Na Mwalimu alinifundisha nisiegemee gongo kwapani, mishipa ya fahamu inapita hapo, mkono unaweza kufa ganzi mpaka kifundo kikalegea. Uzito uende kwenye viganja, kati ya gongo na kwapa pabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu. Nimetumia magongo miaka 20 na hakuna aliyewahi kuniambia hilo, hata walionipa magongo.

Kwa hiyo kaka, wewe unaona jukwaa. Mimi kwenye kile kibanda nimepewa maelezo ya mwili wangu. Huruma nilikuwa nayo tayari nyumbani, haikunisaidia bega.

#13 SatoMbichi

Nimerudi. Nimekula. Hilo jibu limenikalisha.

#14 Sauti ya Igogo

Sawa dada, nimekusikia. La hotelini bado nalipinga.

#15 MabegaYaChuma

Tunalipinga wote. Ukiingia mtandaoni tafuta Candoco, kundi la Uingereza lililoanzishwa 1991, wa viti na wasio wa viti pamoja. Angalia klipu bila kuweka sauti. Hakuna anayezungushwa kama meza.

#16 Ng'wana Kisesa

Binti, nimesoma maneno yako mara mbili. Mimi bado naona mfupa wa mbuzi haufundishi ngoma, ila nitawapa kitu ambacho hamjakitaja, mnaacha mali nyumbani mnakwenda kutafuta Uingereza.

Sisi Wasukuma tuna wigashe. Jina lenyewe linatokana na kukaa. Vijana wanakaa chini kwa mstari, wanaimba na kucheza wamekaa: kichwa, shingo, mabega, mikono, kiwiliwili. Hakuna anayesimama. Haikuwa ngoma ya wagonjwa wala ya wazee. Ilikuwa ya vijana wenye nguvu zao, wanaume na wanawake, na mtu aliyeijua alikuwa anaheshimika.

Kwa hiyo huyo wa kiti asiambiwe amepunguziwa ngoma. Aambiwe amewahi kufika, wengine wakae wamfuate.

#17 NyayoZaJiwe

Mzee wangu! Yaani nimesimama hapa kibandani.

Bugobogobo imenijaza macho miaka yote nikasahau kwamba bibi yangu aliimba wigashe. Na tazama inavyoingia kwenye somo. Ukikaa chini sawasawa unakalia mifupa miwili. Kalia viganja vyako kwenye benchi utaihisi, kila upande mmoja, migumu. Tukiwa tumekaa kwenye mstari mmoja, wote tunaanzia hapo: yumba mbele ya hiyo mifupa, yumba nyuma, uone mgongo mzima unavyoitikia mpaka shingoni. Pingili 7 za shingo, 12 za mbavu, 5 za kiuno. Na kwenye shingo kuna utamu wake: ya juu kabisa ndiyo inayokubali, kichwa kinaitikia ndiyo juu yake, ya pili ndiyo inayokataa, hapana inazungukia hapo. Weka kidole nyuma ya sikio chini kidogo, kiungo cha ndiyo kiko ndani huko, usawa wa masikio. Wengi wanadhani shingo inaanzia kwenye kidevu.

@FizioMtaani wale wasiohisi mifupa ya kukalia nimewaza waanzie mbavuni, ziko jozi 12 na pumzi ikiingia zile za chini zinafunguka pembeni kama mpini wa ndoo unavyoinuka. Wigashe ni kuimba, pumzi ipo tu. Itafaa?

#18 FizioMtaani

Itafaa kwa wengi. Ila aliyeumia juu, shingoni, hata misuli ya mbavu inaweza isifanye kazi, anapumua kwa kiwambo peke yake, ule msuli ulio chini ya mapafu, na sauti yake inakuwa fupi. Mpe mstari mfupi wa wimbo. Ndiyo maana nasema uliza kwanza.

Nyongeza ya kufurahisha: usiende bucha kutafuta mtulinga, ule mfupa wa juu ya kifua unaokwenda begani. Mbuzi hana. Ndiyo maana miguu yake ya mbele inakwenda mbele na nyuma, haikumbatii. Sisi mtulinga ndiyo daraja pekee la mfupa kati ya mkono na kifua. Ukitaka kuuonyesha nunua kuku, ule mfupa wa V kidarini ni mitulinga miwili iliyoungana.

#19 KapetoWaKamanga

Kwa hiyo mbuzi hawezi kukumbatia na kuku anaweza. Nimejifunza kitu leo.

#20 MkereweHalisi

Samahani naingia kwa jambo dogo. Hayo maji mliyoloweshea nyayo mliyatoa wapi? Kama mliingiza miguu ziwani pale penye magugu, kichocho hicho. Konokono wapo, hamtawaona. Bebeni maji ya bomba kwenye dumu.

#21 NyayoZaJiwe

@MkereweHalisi tuliingiza miguu ziwani mkuu. Wote. Nimepokea, Jumamosi nawapeleka zahanati wakapime.

Na dumu lina kazi nyingine: la lita 5 likijaa maji lina kilo 5, karibu na uzito wa kichwa cha mtu mzima. Nawapa walishike mikono ikiwa imenyooka mbele, wanalia kabla ya dakika moja. Halafu nawaambia walibebe kichwani, wanatembea wanapiga soga. Mkiinamia simu, shingo inajisikia kama ile mikono iliyonyooshwa mbele.

#22 Binti Mabatini

Mwalimu, hilo la kuwekeana viganja mgongoni. Mimi ni Muislamu na mume wangu yumo humu jukwaani, nauliza tu 😅

#23 NyayoZaJiwe

Swali zuri. Hakuna anayeguswa bila kuulizwa, na wanawake wanashikana wenyewe kwa wenyewe. Asiyetaka kuguswa kabisa anaegemea ukuta, analihisi kombe lake likikwaruza ukutani. Ukuta hauna jinsia.

#24 Kijiti

Mwalimu hao viziwi wanachezaje bila kusikia ngoma? Siulizi kwa ubaya.

#25 NyayoZaJiwe

Mwanzo nilikosea, niliwaweka karibu na mpigaji kwenye sakafu ya saruji. Saruji haisemi kitu. Tukapata mapaleti ya mbao bandarini, tukayapanga, ngoma kubwa tukaiweka juu yake. Sasa mlio unapanda kwa visigino mpaka kwenye muundi. Mmoja anapenda kulalia tumbo juu ya mbao kabla ya kuanza, anasema kwa ishara kwamba ngoma ndogo anaisikia mbavuni na kubwa tumboni. Kitu kimoja cha kuangalia: kiungo cha mizani ya mwili kiko ndani ya sikio hilohilo, kwa hiyo baadhi yao wakizungushwa haraka macho yamefumbwa wanayumba. Macho yabaki wazi.

Lakini wao ndio walionitatulia ombi langu la maneno. Nilikuwa nahangaika kueleza nyonga, naandika ubaoni, nachora. Mkalimani wetu naye hakuwa na ishara yake. Binti mmoja kiziwi akachukua mfupa wa mbuzi, akauzungusha, akauweka chini. Akakunja ngumi ya kulia, kiganja cha kushoto akakifanya bakuli, akaingiza ngumi ndani akazungusha. Darasa zima likarudia. Hiyo ndiyo nyonga kwetu sasa, hata wanaosikia tunaitumia, nikiwa mbali napunga ngumi kwenye bakuli tu.

#26 MabegaYaChuma

Mwambie na ya bega.

#27 NyayoZaJiwe

Ya bega ilikuwa wiki mbili baadaye. Nikawaonyesha mkono wa mbele wa mbuzi, nikategemea watumie ishara ileile, maana nalo ni duara na shimo. Yule binti akakataa. Akapitisha kidole kwenye shimo la bega, akatikisa kichwa. Akakunja ngumi ileile, ila kiganja cha kushoto hakukifanya bakuli, alikifanya kisahani, karibu kimenyooka, ngumi ikakaa juu yake kama chungwa linalotaka kuanguka.

#28 FizioMtaani

Ndivyo lilivyo. Shimo la bega ni kina kidogo sana, ndiyo maana mkono unafika kila mahali na ndiyo maana bega linateguka kirahisi. Naomba kuja Jumamosi nimwone huyo binti.

#29 NyayoZaJiwe

Saa tatu asubuhi. Baada ya zahanati.